Njia ya mtu kabla ya njia ya gari: shajara ya theluji ya Buffalo, Desemba 2022

Niliandika haya kwenye daftari la shule la mwanangu, kidogo kidogo, kila niliporudi ndani kupasha vidole moto. Nimeyanyoosha lugha tu, mengine nimeyaacha yalivyo. Nayaweka hapa kwa ajili ya ndugu zetu wakimbizi wanaofika Buffalo, jimbo la New York, Marekani, wakitoka kambi za Nyarugusu na Kakuma, au Kampala. Watakuta beleshi la theluji limeegemezwa ukutani kwenye nyumba waliyopangishiwa, na huenda asitokee mtu wa kuwaambia waanzie wapi.

Kwanza eneo lenyewe. Tunakaa West Side, kwenye nyumba ya mbao ya ghorofa moja. Mimi, mke wangu na watoto wawili tuko chini. Juu anakaa mama mmoja wa Uvira, Kongo, aliyepita miaka sabini. Hatuna undugu wa damu, lakini watoto wanamwita Bibi na mimi namwita Mama. Figo zake hazifanyi kazi, na kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi anapelekwa kituoni kusafishwa damu. Ngazi yake inashukia mlango wa pembeni, na mlango huo unafungukia kwenye kipito cha gari.

Kipito kina urefu wa mita 15 toka njia ya waenda kwa miguu hadi uani, na upana wa mita 2 na nusu. Mita 5 za mbele ziko wazi, na kando yake kuna bustani ndogo. Mita 10 zinazobaki zimebanwa kati ya ukuta wetu na ukuta wa jirani. Mlango wa pembeni uko mita ya 12. Gari linalala uani, mwisho kabisa. Aliyezoea nyumba zenye uwanja mpana atasema tupa theluji kando. Sisi kando ni ukuta.

Ijumaa, 23 Desemba

Mke wangu ameondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda zamu yake kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mvua ilikuwa inanyesha. Ilikuwa mvua ya kawaida kabisa, ukasikia mtu akisema watu wa hali ya hewa wametia chumvi. Hawakutia. Kufika saa tatu na nusu, kaunti ya Erie ikapiga marufuku magari yote barabarani, na wakati huohuo mvua ikageuka theluji, na joto likaporomoka kama jiwe. Maji yaliyokuwa yametuama kwenye kipito yakaganda yalivyo. Nimeyaona dirishani yakigeuka kioo, na nimeandika hapa nisije kusahau: chini ya theluji yote itakayoanguka kuna barafu.

Kazi niliyofanya kabla hali haijaharibika ni ndogo, lakini naiandika. Nimetoa mabeleshi mawili na mfuko wa chumvi kwenye banda la uani na kuviweka ndani, nyuma ya mlango wa pembeni. Pia mtaimbo. Kamba ya mita 20 iliyokuwa kwenye buti la gari nimeileta pia. Jirani yetu, mzee wa Puerto Rico aliyekulia mtaa huuhuu, ana mashine ya kurusha theluji, lakini iko bandani kwake, nyuma. Nimempigia simu akasema hawezi tena kuifikia. Saa nne asubuhi na tayari banda la mita 15 kutoka jikoni halifikiki.

Saa sita mchana sioni nyumba ya ng'ambo ya barabara. Upepo unatoka kusini-magharibi, moja kwa moja ziwani.

Watoto wameniuliza mbona Ziwa Tanganyika la kwetu Kongo halituletei haya. Nimewaeleza hivi. Sisi wa Baraka tumezaliwa kando ya maji yenye kina kinachofika mita 1,470, maji ambayo hayajui baridi ya namna hii. Ziwa Erie kina chake kwa wastani ni mita 19 tu, lakini lina urefu wa karibu kilomita 390, nalo limelala likielekea Buffalo kama mtutu. Mwezi Desemba maji yake bado hayajaganda. Hewa ya baridi kali ikipita juu ya maji hayo yenye joto kidogo inanyonya unyevu njia nzima, na inapofika nchi kavu inautua wote kama theluji. Upepo ukifuata urefu wa ziwa, mji unaoupokea ni huu wetu. Februari, ziwa likishaganda, mchezo huo hupungua sana.

Mke wangu alitakiwa kurudi saa kumi jioni. Amepiga simu. Waliotakiwa kuwapokea zamu hawakuweza kufika, kwa hiyo wanabaki. Wako wauguzi wawili na wasaidizi watatu kwa sakafu mbili za wazee.

Maendeleo ya leo: mita 0. Hakuna mtu mwenye akili anayechimba kwenye upepo huu, maana kila unachotoa kinarudishwa.

Jumamosi, 24 Desemba

Saa kumi na mbili asubuhi nimeamshwa na ukimya. Hita imezima. Umeme upo, kwa hiyo tatizo si umeme. Kwa sisi ambao nyumba zetu zina hita za kisasa za gesi, moshi hautoki juu ya paa. Unatoka kwa bomba jeupe la plastiki linalotokeza ukutani, kiasi cha kiuno cha mtu, na pembeni yake liko la kuvuta hewa. Ya kwetu yote mawili yanatazama kipito cha gari, mita 4 kutoka mlango wa pembeni. Theluji ikiyaziba, hita nzuri hujizima. Mbovu inaweza kuendelea kuwaka na kurudisha kaboni monoksidi ndani, nayo haina rangi wala harufu. Nimekagua kengele ya gesi hiyo: iko kimya, betri ni nzima. Nimewavika watoto makoti, nikapanda kumwambia Mama avae yote aliyonayo.

Mlango wa ndani ukafunguka. Wa nje, ule wa kioo, unasukumwa kuelekea nje, nao ulikuwa umekabwa na theluji hadi kifuani kwangu. Nimeteremsha kioo cha nusu ya juu, nikaanza kuchota kwa sufuria ya ugali kupitia tundu hilo na kumwaga kwenye beseni la kufulia. Watoto wakayabeba mabeseni hadi bafuni. Dakika arobaini zikapita kabla mlango haujakubali kuachia upana wa mabega yangu.

Kisha kamba. Mwisho mmoja kiunoni, mwingine kwenye kitasa cha mlango wa ndani, na mwanangu mkubwa, ana miaka kumi na minne, akaishika katikati. Mita 4 ni hatua sita. Lakini nilipotoka sikuuona mkono wangu nilioutanguliza mbele. Theluji haikuwa ikianguka, ilikuwa ikipita kwa ubavu, na kati ya kuta mbili upepo ulikuwa unazunguka kama kwenye chupa. Nikafuata ukuta kwa bega la kushoto. Tulipatana: nikivuta mara mbili, niko salama, zikipita dakika tano sijavuta, avute yeye. Nililipata bomba kwa kupapasa. Nikafukua kwa mikono mbele yake nafasi ya mita moja kila upande, si tundu dogo tu, kwa sababu tundu dogo lingejaa tena kabla sijavua viatu.

Hita imewaka saa tatu na robo. Nimetoka kwa kamba ileile mara tatu zaidi: saa saba, saa kumi na moja na saa nne usiku.

Leo Mama alitakiwa kituoni. Hakuna gari, hakuna ambulensi, magari ya zimamoto yenyewe yamekwama mitaani. Amechukua karatasi aliyopewa na kituo kwa ajili ya dharura kama hii, inayoeleza chakula cha siku tatu: maji kidogo sana, chumvi kidogo sana, hakuna ndizi, hakuna viazi, hakuna maharage. Ameibandika kwenye friji, na amemwambia binti yangu amsimamie. Nimeusikia msimamizi wa miaka tisa akimwambia, "Bibi, hicho kikombe ni cha pili."

Maendeleo ya leo: bomba la moshi na mlango. Kwa hesabu ya mita, karibu 0 tena. Kwa hesabu yangu, ndiyo kazi kubwa ya juma zima.

Jumapili, 25 Desemba. Krismasi

Usiku upepo umepungua. Theluji bado inaanguka lakini sasa inaanguka kutoka juu, na ninaiona nyumba ya jirani. Kwa watu wa hali ya hewa wa Marekani, dhoruba ya theluji huitwa kwa jina kali la "blizzard" pale upepo unapofika kilomita 56 kwa saa, na macho yasione zaidi ya mita 400, kwa saa 3 mfululizo. Hapa hali hiyo imedumu saa 37. Upepo ulipovuma kwa nguvu zaidi, uwanja wa ndege, ulipita kilomita 110 kwa saa.

Kabla ya kuchimba nimepima. Kuna wanaoona kupima ni kupoteza muda. Mimi naona ni kuokoa mgongo. Kwenye kipito kina si kimoja: mbele upepo umeifagia hadi magotini, kati ya kuta imerundikana hadi mita 1 na nusu. Nimechukua wastani wa mita 1.2. Kisha nimejaza theluji ndoo ya lita 20 bila kuishindilia, nikaiweka kwenye mizani ya bafuni: kilo 6. Maana yake mita moja ya ujazo ina kilo 300. Theluji iliyotua kwa utulivu huwa nyepesi kuliko hiyo kwa mbali, hii imepondwapondwa na upepo ikashikamana.

Kipito chote: 15 mara 2.5 mara 1.2, ni mita za ujazo 45. Tani 13 na nusu.

Nimelitazama jibu hilo kwa muda. Tani 13 na nusu kwa mtu mmoja na kijana wa miaka kumi na minne, tena mita 10 za ndani hazina pa kutupia. Ndipo nikabadili swali. Nilikuwa nimejiuliza kipito kitafunguliwa lini. Nikajiuliza ni nani anayetakiwa kupita, na anahitaji upana gani. Gari halitakiwi, marufuku ingalipo. Anayetakiwa kupita ni Mama, na machela haizidi sentimita 60 au 70. Nikaamua mfereji wa sentimita 80 toka mlango wa pembeni hadi barabarani, mita 12. Saba kati ya hizo ziko kati ya kuta: 7 mara 0.8 mara 1.2, kama mita za ujazo 6.7, tani 2 tu. Mita 5 za mbele tutazirushia bustanini moja kwa moja.

Tani 2 zinabebeka. Tumetumia sleji ya plastiki ya watoto, ile ya kutelezea kwenye mlima wa bustani ya umma. Juu yake tumefunga beseni. Mzigo mmoja ni kama kilo 30, hivyo safari 67. Ninachimba, kijana anavuta hadi bustanini, anamwaga, anarudi. Binti yupo dirishani anachora vijiti kwenye daftari hili, vitanovitano.

Mambo niliyoyapata kwa mikono leo. Beleshi hupakwa nta ya mshumaa, vinginevyo theluji inang'ang'ania bati na unainua mzigo uleule mara mbili. Usichimbe kutoka chini, kata tabaka la juu kwanza kama unavyokata mkate, kisha la kati. Sukuma panaposukumika. Panapotakiwa kuinua, kunja magoti na geuka kwa miguu, usigeuze kiuno. Na jasho ni adui. Nimevua koti la ndani nilipoanza kulowa, na kila robo saa tumesimama hata kama hatujachoka.

Hili la kupumzika silisemi kwa kulemba. Baridi inabana mishipa ya damu wakati moyo unatakiwa kufanya kazi ya mtu anayepanda mlima, na mikono iliyoinuliwa pamoja na pumzi iliyozuiwa vinauongezea mzigo. Kati ya waliofariki katika dhoruba hii, kaunti imewataja waliokufa kwa moyo wakiwa wanaondoa theluji. Mtu wa miaka hamsini anayekaa kitini mwaka mzima asiamke akachimba saa mbili mfululizo. Akisikia kifua kinabana, bega linauma au pumzi inakata, aache beleshi palepale lilipo.

Saa kumi kiza kimeanza kuingia. Safari 38. Mita 4.

Mama amegonga kioo cha juu. "Tumefika wapi, baba?"

"Mita nne, Mama. Zimebaki nane."

"Mimi sina haraka."

Alikuwa nayo. Miguu yake imeanza kuvimba, binti ameniambia.

Chakula cha Krismasi kimekuwa wali na dagaa tulioletewa kutoka Kigoma. Mama amekula wali mtupu, akaomba dua ndefu kwa Kiswahili cha kwetu, akawataja wote waliokwama njiani.

Jumatatu, 26 Desemba

Usiku imeanguka tena hadi kwenye kifundo cha mguu. Saa moja ya kwanza imekwenda kurudisha mfereji ulivyokuwa jana. Inauma moyo, lakini ikiwa haijashindiliwa inatoka upesi.

Safari 41. Kwa hiyo jumla ni 79, siyo 67, kwa sababu ya theluji mpya na kwa sababu kuta za mfereji zinamomonyoka. Nimejifunza kuzilaza kidogo zitanuke juu, badala ya kuzisimamisha wima. Saa nane tumetoka kati ya nyumba, na tulipofika bustanini kijana akajirusha chali kwenye theluji akalala akitazama mbingu. Nikamwacha.

Mita 5 za mbele zimekwenda haraka, mpaka tulipofika ukingo wa barabara. Barabara yenyewe haijaguswa. Hakuna greda lililopita tangu Ijumaa, na katikati ya mtaa kuna magari matatu yaliyotelekezwa, paa tu ndizo zinaonekana. Mfereji wangu umefika mahali pasipo na njia.

Mzee wa Puerto Rico ametokea mlango wa mbele na beleshi lake. Ana kumbukumbu ya dhoruba ya Januari 1977, alikuwa kijana. Ile ilileta theluji chache mpya kuliko hii, anasema, lakini upepo uliinyanyua theluji yote iliyokuwa imelala juu ya Ziwa Erie lililoganda ukaileta mjini. Watu 29 walikufa. Akaniambia walichofanya mtaa huu mwaka ule: hawakungoja greda. Kila nyumba ilichimba kipande kinachotazama mlango wake hadi vikaungana na kufika pembeni, kwenye barabara kubwa. Akagonga mlango wa jirani yake. Mimi nikagonga wa Wasomali wa nyumba ya pili. Wakatoka vijana wanne. Waburma wa nyumba ya pembeni wakatoka na mabeleshi ya bustani. Mpaka giza, mita 60 hivi za njia ya mtu zimefunguka katikati ya mtaa, na tumefukua bomba la maji la zimamoto lililokuwa limezikwa kabisa, mita moja kila upande. Kama nyumba ya mbao ingewaka usiku huu mtaani kwetu, angalau maji yangepatikana bila kuyatafuta.

Nafikiri juu ya hilo sana. Tangu Ijumaa nilikuwa nikihesabu mita za kipito changu.

Jumanne, 27 Desemba

Saa mbili asubuhi kituo cha Mama kimepiga simu. Wamefungua, na kuna gari kubwa la jeshi la akiba linalozungusha wagonjwa kwenye barabara kuu. Haliwezi kuingia mtaani. Je, tunaweza kumfikisha pembeni kufika saa nne?

Siku mbili tumebeba theluji kwa sleji. Tumetoa beseni, tukatandika godoro la kitanda cha mtoto lililokunjwa, tukaweka chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo. Mama ameshuka ngazi moja moja akiegemea bega la binti. Tumemfunga blanketi mbili na kitenge juu, tukamfunga yeye kwenye sleji kwa kamba ileile ya Jumamosi.

"Mwanangu, mimi ni mzito."

"Mama, hii sleji imeshabeba tani mbili."

Akacheka, na kwa kicheko hicho nikasikia jinsi pumzi yake ilivyokuwa fupi.

Mita 12 za kipito tumepita bila kugusa ukuta. Sentimita 80 zilitosha, kijana mbele akivuta, mimi nyuma nikizuia. Mtaani watu wa nyumba nyingine wamekuja bila kuitwa. Palipokuwa pamejaa tena usiku, Wasomali wametangulia wakipafungua mbele yetu. Safari nzima imechukua dakika ishirini na tano. Gari lilikuwa pale, askari wawili wakamnyanyua na sleji yake yote.

Nimerudi nikakaa kwenye ngazi ya mlango wa pembeni, na sikufanya kazi tena hadi mchana.

Jioni amepiga simu. Amesafishwa damu kwa saa nne, watamlaza hadi wahakikishe moyo uko sawa. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama sleji imerudi.

Jumatano, 28 Desemba

Sasa ndipo njia ya gari. Mashine ya mzee imefikiwa, na kwa mita 5 za mbele imefanya kwa robo saa kazi ya nusu siku. Kati ya kuta haifai, haina pa kurushia isipokuwa kwenye madirisha. Tumepanua mfereji kwa beleshi na sleji, kila upande kidogo kidogo. Jambo moja kuhusu mashine hizi: ikiziba, mkono usiingie kwenye bomba hata kama umeizima. Kisu cha ndani huweza kubaki na mkazo na kikazunguka kikiachiliwa. Tumia kijiti.

Saa nane mchana katapila la mji limeingia mtaani na lori nyuma yake. Hawasukumi, wanachota na kubeba, kwa sababu hakuna tena pa kusukumia. Wamefungua njia moja ya gari. Na kama ilivyo kila mwaka, kwenye mdomo wa kipito wameacha ukuta wa mabonge mazito kama saruji, kimo cha kiuno. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo: ukisimama kwenye kipito ukitazama barabara, greda linatoka kushoto kwako. Kwa hiyo nilifungua mfuko wa nafasi upande wa kushoto wa mdomo, mita 3 hivi, ili bati limwage huko kabla ya kufika mlangoni. Umesaidia nusu. Nusu nyingine tumeivunja kwa mtaimbo. Theluji hiyo hairudishwi barabarani, sheria inakataza na pia ni hatari kwa anayepita, tumeipandisha bustanini. Rundo la bustani sasa limefika chini ya dirisha la Mama, ghorofani.

Chini kabisa, kama nilivyoandika Ijumaa, kuna barafu ya ile mvua. Chumvi ya mawe haifanyi kazi vizuri joto likishuka chini ya -9, lakini leo limepanda, na jua limetoka. Nimemwaga kidogo, nikangoja nusu saa iingie chini, kisha nikainua vipande kwa ncha ya mtaimbo. Wengi wanamwaga mfuko mzima na kungoja iyeyuke. Chumvi kazi yake ni kuachanisha barafu na saruji. Kuondoa ni kazi ya mkono.

Mita 15, upana mita 2.3. Saa mbili usiku.

Alhamisi, 29 Desemba

Marufuku ya magari imeondolewa Buffalo dakika moja baada ya saa sita usiku. Nimefagia theluji yote juu ya paa la gari, nikahakikisha bomba la moshi la gari liko wazi kabla ya kuwasha, nikatoka saa kumi na moja alfajiri.

Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni na mfuko wake. Zamu iliyoanza Ijumaa imeisha Alhamisi. Walilala kwa zamu kwenye viti, na hakuna mzee hata mmoja aliyelala bila kubadilishwa. Njiani hakusema neno mpaka tulipokunja kuingia kwenye kipito. Akashuka, akatembea toka mdomo hadi mlango wa pembeni, akigusa kuta za theluji, mara upande huu mara upande ule, kisha akaniambia nimuoneshe mikono yangu.

Uwanja wa ndege umehesabu karibu sentimita 132 tangu dhoruba ianze. Waliofariki kaunti hii wamepita thelathini na bado wanahesabiwa. Wengine walikutwa ndani ya magari, wengine nje, wengine nyumbani walikoita msaada usiofika kwa wakati. Wengi wao ni watu weusi, kwenye mitaa iliyofikiwa mwisho. Hilo mji huu una wajibu wa kulijibu.

Ijumaa, 30 Desemba

Joto limepita nyuzi 10. Tani zile zote zinataka kuwa maji kwa siku mbili, na rundo letu liko mita chache kutoka ukuta wa besimenti. Nimerudia kipimo cha ndoo: lita 20 za theluji iliyolowa, kilo 9. Asubuhi yote tumechimba mfereji mwembamba toka ukutani hadi barabarani, tukatafuta tundu la maji ya mvua ukingoni na kulifukua. Maji yakapata njia yakaanza kukimbia, na watoto wakayarushia vijiti kuyashindanisha.

Saa tisa teksi imesimama mdomo wa kipito. Mama ameshuka, akakataa kushikwa mkono, akatembea mita 12 zote kwenye saruji iliyo kavu katikati na yenye maji pembeni. Mlangoni akasimama akahema, akalitazama rundo.

"Tumefika wapi, baba?"

"Tumefika, Mama."

Mtaimbo na mashine ya mzee vimerudi mabandani. Mabeleshi mawili na kamba nimeviacha ndani, nyuma ya mlango wa pembeni, hadi Aprili.